Mkono wa Wacuka

Wacuka alikuwa na mkono mwepesi. Nasema mapema ili mtu asije akanilaumu kwamba nilimfichia. Nilikaa naye nyumba moja pale Garland, Texas, nikafanya naye kazi ghala moja la kufungasha viatu, na katika muda huo nilimwona akimpiga mwizi, akimpiga mlevi aliyekojoa mlangoni kwetu, na akiipiga mashine ya soda mpaka ikatapika chupa ambazo hakuna aliyezilipia. Kanisani walimwita mkorofi. Mimi nilimpenda, na bado nampenda, ingawa zipo siku nilizotamani kumfunga mikono kwa kamba.

Ugomvi aliuanza nyumbani kwao Nakuru. Baba yao alikuwa na bucha, na akirudi amelewa alimpiga mama yao kwa ubapa wa panga, si kwa makali, kwa sababu makali ni ya ng'ombe. Ndivyo alivyokuwa akisema yule mzee, na Wacuka alinisimulia huku akicheka na kubandika utepe kwenye maboksi. Alipokuwa darasa la sita alimrukia mzee akamng'ata mkono mpaka meno yakagusana. Mzee alimbamiza ukutani, mtulinga ukavunjika, na bega lile halikurudi sawa tena. Lakini mdogo wake, Loice, aliyekuwa bado anatambaa, hakuguswa siku ile wala siku nyingine.

Mama yao alipofariki, Wacuka ndiye aliyemlea Loice. Alimlisha, akamsomesha, akapigana na kila aliyemchokoza, akiwemo mwalimu mmoja wa hesabu aliyetolewa ofisini kwake kwa kuvutwa tai. Na Loice mwenyewe akichelewa kurudi kutoka shule, au akishuka namba darasani, alikula makofi. "Nilikuwa namchapa juu nampenda," Wacuka alisema, na sisi tuliolelewa kwa fimbo tulitikisa vichwa tukicheka. Nani kati yetu hakuchapwa?

Baadaye akapata green card ya bahati nasibu, akaja Texas, akamwacha Loice akimalizia shule ya bweni. Mwaka 2017, kwenye kituo cha mafuta karibu na kwetu, kijana mmoja alimwekea kisu shingoni akitaka mkoba. Nilikuwa ndani ya gari, nikaona yote. Wacuka alikishika kile kisu kwa upande wa makali, kwa kiganja kitupu, na kwa mkono mwingine akachomoa bomba la petroli akampiga nalo usoni mara nyingi sana, hata baada ya kijana kuanguka na kuanza kumwita mama yake. Polisi walimwambia asirudie, maana kijana angeweza kuwa na bastola.

"Angekuwa nayo ningemnyang'anya," Wacuka akajibu, damu ikimchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Mwaka huohuo ndipo Loice alipoletwa Houston na mumewe. Mumewe aliitwa Gelasius, Mtanzania mwenzangu, mhasibu mwenye ofisi Sugar Land, pembeni ya Houston, mwimba tenori kanisani, mtu wa marashi na sauti ya chini. Alikwenda Kenya kumtafuta mke, akamwona Loice, akafanya harusi nzuri, akamleta. Sote tulisema binti amepata. Wiki chache tu baada ya kufika, yakaja mafuriko makubwa ya Agosti, na Loice akaona kwa macho yake maji yakimeza magari barabarani na watu wakitolewa madirishani kwa boti. Nadhani ndipo alipoamua kusomea mambo ya maji. Alianza chuo, na Gelasius akajivuna kila Jumapili kwamba mke wake atakuwa injinia.

Kumbe nyumbani alikuwa anampiga. Alianza na kofi, akaja ngumi za mgongoni ambako nguo inafunika, akafikia kumkaba. Kutoka Houston hadi kwetu ni mwendo wa saa nne hivi kwa gari, na kwa simu mtu anaweza kuficha mengi. Loice alimficha dada yake si kwa aibu, ila kwa hofu. Aliniambia baadaye: "Ningemwambia Dada, angeua mtu."

Mwaka 2019 chuo kilimchagua kwenda kusoma nusu mwaka Sweden, mji wa Uppsala, kwa ule mpango wa kubadilishana wanafunzi. Gelasius alitangaza mwenyewe kanisani. Watu walipiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, keki ikakatwa. Walipofika nyumbani alifunga mlango, akamshika Loice mkono wa kulia, akauingiza kwenye droo ya jikoni, na akaifunga droo ile kwa goti. Vidole viwili vilivunjika.

"Mimi ndiye niliyekuleta Amerika," alimwambia. "Hakuna mwingine wa kukupeleka popote."

Hospitali Loice alisema ni mlango wa gari. Mpaka leo nikiikumbuka ile keki, ambayo nami nilitumiwa picha yake nikaisifia, natamani kumtapikia mtu.

Mwezi wa Desemba alitoroka. Alipanda basi Gelasius akiwa kazini, akafika kwetu na sanduku moja na mkono wenye bandeji. Alisimulia yote akiwa amesimama, hata koti hajavua. Wacuka alimsikiliza, akaangalia vile vidole, akachukua funguo za gari akatoka nje. Nilijua anakokwenda. Nikamkimbilia nikalala mbele ya gari, juu ya lami yenye baridi, nikamwambia anikanyage kwanza. Aliupiga usukani kwa ngumi mpaka honi ikagoma. Majirani walitoka na simu zao.

Loice ndiye aliyemtuliza. Aliingiza kichwa dirishani akasema, "Dada, ukimuua watakufunga na mimi sitaenda. Mimi nataka kwenda tu. Niache nipande ndege, basi."

Kuanzia siku hiyo nyumba yetu ilikuwa na jambo moja tu: Loice apande ndege Jumapili ile ya Januari. Visa ya Sweden ilishatoka. Wacuka alibadilisha kitasa, akaweka kikaango cha chuma karibu na mlango, akaacha kwenda kanisani ili asiulizwe kitu. Hakuna mtu wa Houston aliyetakiwa kujua.

Ila kulikuwa na mzigo. Msomaji aliyewahi kuishi ugenini ananielewa. Kwetu mtu akisafiri, hasafiri peke yake. Anabeba unga wa huyu, majani ya chai ya yule, kitenge cha mke wa fulani, na kukataa mzigo wa mtu ni kama kumtemea mate. Mama Annonciata, Mkongomani wa mtaa wa Gulfton kule Houston, alikuwa na mwanawe Sweden ambaye hawajaonana tangu kambi ya wakimbizi, na Loice alishamwahidi siku ile ya keki kwamba atambebea kiboksi. Binti amevunjwa vidole, anajificha, halafu anapiga simu Gulfton kumwambia Mama Annonciata kwamba mzigo bado ataubeba, atume mtu aulete Garland. Akamtajia na mtaa, na namba ya nyumba.

Wacuka alipogundua alipiga meza vikombe vikaruka. "Wee Loice! Mtu anakimbia kifo na bado anabeba unga wa watu?"

"Ni mama mzee, Dada. Nilimpromise. Hatamwambia mtu."

Wacuka aliinua kiganja, kisha akakishusha. Niliona, na Loice aliona. Tukaendelea na mambo mengine.

Jumamosi mchana, kesho yake ikiwa safari, Mama Annonciata alipiga simu akasema mzigo uko njiani, umebebwa na mtu mwema, tumfungulie. Tulidhani ni mpwa wake mmoja, dereva wa lori. Kengele ilipolia Wacuka alikuwa bafuni, mimi nakaanga vitumbua vya safari. Loice alichungulia kwenye tundu la mlango, akaona boksi limenyanyuliwa juu, limeandikwa kwa kalamu nene jina la kijana na Uppsala chini yake. Akafungua.

Nyuma ya boksi alikuwa Gelasius, amevaa suti.

"Mama Annonciata kanituma," akasema kwa ile sauti yake ya chini. "Nimeleta mzigo wa mwanawe. Hata salamu hakuna, mke wangu?"

Loice alijaribu kuusukuma mlango. Gelasius aliupiga teke, ukamgonga Loice usoni, naye akaenda chini. Boksi lilipasuka, unga ukamwagika ukumbi mzima. Gelasius aliingia, akamshika nywele, akamburuta juu ya ule unga kuelekea nje, na kwa mkono mwingine akimpekua koti. "Pasipoti iko wapi? Toa pasipoti, mbwa wewe!" Mimi nilimrushia kijiko, nikamrushia na mafuta, yakaangukia zulia. Sijivunii. Nilipiga kelele tu. Gelasius alikanyaga ule mkono wenye bandeji, na sauti aliyoitoa Loice sitaki kuisikia tena maishani.

Wacuka alitoka bafuni na taulo kichwani. Hakupiga kelele. Aliokota kikaango na kumpiga Gelasius mgongoni, naye alipogeuka akampiga mdomoni, meno yakatoka. Alipoinama akampiga utosini. Alipoanguka aliendelea: mbavu, mabega, magoti, akihema taratibu kama mtu anayetwanga. Damu iliingia kwenye unga, ikawa uji mwekundu sakafuni. Nilimkumbatia kwa nyuma, akanitupa ukutani. Loice ndiye aliyemfunika yule mwanamume kwa mwili wake mwenyewe.

"Dada, inatosha! Unamuua! Nitakosa ndege!"

Hapo ndipo alipoacha.

Polisi walikuja. Fikiria walichokikuta: mwanamume wa suti amelala bila meno, boksi la zawadi limepasuka, na mwanamke mwenye kikaango chenye damu na nywele. Gelasius, mdomo ukiwa umevimba, alisema alileta mzigo tu wa mama mmoja mzee, na alikuwa na ujumbe wa Mama Annonciata kwenye simu kuthibitisha. Walimfunga Wacuka pingu. Akiwa anaingizwa kwenye gari alimgeukia Loice.

"Kesho unapanda hiyo ndege. Umenisikia? Usi-miss hiyo flight kwa sababu yangu."

Nilimpigia Mama Annonciata nikamtukana matusi ambayo mama yangu angeyasikia angenifukuza nyumbani. Alilia tu. "Mwanangu, alikuya huku akapiga magoti, akalia machozi. Akasema anataka kuaga bibi yake. Ni bwana yake, mi nilizania ataufikisha. Mzigo unapatia mutu wa nyumba, si njo vile?" Nilikata simu. Alikuwa mtu mwema kweli, na wema wake ulinitia hasira kuliko ubaya.

Jumapili asubuhi nilimwambia Loice nimpeleke uwanja wa ndege, kisha niende mwenyewe polisi kutoa maelezo. Alikataa. Uso ulikuwa umevimba jicho moja halionekani, mdomo umeshonwa, mkono umefungwa upya. Alisema mimi sikuwa kwenye ile droo, sikukabwa miaka miwili, na bila yeye kusema hayo watamwona Dada yake muuaji tu. "Hajawahi kuniacha. Nitamwachaje?"

Basi tulikwenda polisi na sanduku lake kwenye buti. Alisema yote kwa mpelelezi, akaonyesha picha za vidole, akaonyesha shingo. Alikaa kwenye benchi mpaka saa ya ndege ikafika na kupita. Sikumwona akilia. Mara moja tu aliangalia juu ya dari, kama mtu anayesikia kitu kinapita.

Walimwachia Wacuka alasiri. Gelasius walimwekea askari hospitalini. Tulikuwa tumeegesha upande wa pili wa barabara, na Wacuka alitoka akitembea haraka, akitafuta gari langu kwa macho, na nadhani alitegemea kunikuta peke yangu. Akamwona Loice. Akaliona sanduku kupitia kioo cha nyuma.

"Saa hii unafanya nini hapa?"

"Dada, nilikuja kuwaambia..."

Wacuka alimchapa. Si kofi la utani. Lilikuwa kofi la mkono mzima, lililotua palepale mlango ulipopiga, na Loice akajigonga kwenye gari, mshono wa mdomo ukafumuka. Wacuka akauinua mkono tena. "Nimelala jela ndio upande ndege! Nimevunja mtu kichwa ndio upande ndege! Mjinga wewe!" Alikuwa analia, namwapia Mungu, machozi yalimtiririka huku anampiga mdogo wake yule ambaye kwa ajili yake alivunjwa mtulinga. Niliwaingilia katikati nikapata langu la sikio.

Loice hakujikinga. Alisubiri yaishe, akafuta damu kwa mkono wa koti, akaniambia, "Clara, nipeleke airport." Alisema hivyo tu. Wacuka alibaki pale barabarani akituita kwa majina. Loice alikaa uwanjani mpaka walipompatia nafasi kwenye ndege ya Jumanne. Nilimpelekea chakula, akakila. Nikamwambia dada yake anataka kuja. Akasema asije.

Akiwa Uppsala alinipigia mimi kila wiki. Wacuka alikaa karibu yangu kwenye kochi, kimya, simu ikiwa kwenye spika, kwa sababu nilimwonea huruma na sikuwa na moyo wa kumfukuza. Loice hakujua. Alisimulia jinsi jua linavyozama mchana, jinsi alivyonunua baiskeli kuukuu na kuanguka nayo kwenye barafu, jinsi maprofesa wanavyoitwa majina yao ya kwanza kama watoto wenzao. Walitoboa ziwa lililoganda wakapima maji ya chini yake, naye akashika kekee kwa vidole vyake vilivyopinda. Sauti yake ilinona. Wacuka alitabasamu pale kochini, akanifinya paja kwa furaha mpaka nikapata alama.

Siku moja alisimulia kuhusu jiko lao la pamoja. Mwanafunzi mmoja, kijana mpole wa kutoka Ujerumani, alikuta jibini lake limeliwa, akaibwaga sufuria sakafuni kwa hasira. Alipogeuka, Loice hakuwepo. Walimkuta chini ya meza, amejikunja, mikono kichwani, na hakukumbuka alifikaje huko. Yule kijana alipiga magoti akimwomba radhi, naye hakuweza kutoka mpaka wote walipoondoka jikoni. Tangu hapo wenzake wanafunga makabati taratibu. "Ni kitu ya aibu sana, Clara," alisema, lakini alicheka kidogo. Wacuka hakucheka.

Machi ikaja na ule ugonjwa wa korona. Chuo cha Houston kikawaandikia wanafunzi wote walio nje warudi mara moja kabla mipaka haijafungwa. Ghala letu lilitupunguzia zamu, tukawa nyumbani mchana kutwa. Wacuka alisafisha chumba cha Loice, akanunua blanketi jipya, akabandua zulia lile lenye doa ambalo halikutoka. Alikuwa amefanya mazoezi ya maneno yake. Nilimsikia bafuni akijisemea, "Nisamehe, mdogo wangu," akijaribu kwa sauti hii, akajaribu kwa sauti ile, kwa sababu neno hilo hakulizoea.

Simu ikalia Jumamosi. Nikaiweka kwenye spika.

"Wenzangu wote wameenda," Loice akasema. "Corridor iko empty. Wameniambia nikibaki nitasoma online, na nikiwa mgonjwa ni shauri yangu."

"Sasa unarudi lini? Chumba chako kiko tayari," nikamwambia, nikimtazama Wacuka, ambaye alikuwa amesogea mpaka pua yake inakaribia kugusa simu.

"Sirudi, Clara."

"Kwa nini? Gelasius amefungiwa, hawezi kukugusa."

Nilisikia maji yakichemka upande wake, na kijiko kwenye kikombe.

"Si yeye," akasema. "Mimi huku hakuna mtu ananipenda. Hata majina yangu wanayakosea. Lakini tangu nifike hakuna mtu amenipiga. Huko kila anayenipenda amenivunja mahali. Nirudi kwa nani?"

Wacuka aliuweka ule mkono wake wa kulia chini ya paja, akaukalia kwa uzito wake wote. Kisha akanisogelea sikioni.

"Usimwambie nilikuwa hapa," akanong'ona.